Mlengwa Hayupo katika Anwani Hii

Fundi alikuwa na pini tele mdomoni simu ilipolia. Aliyepiga alikuwa Metroni, mkuu wa wauguzi wa hospitali kubwa ya mjini, na Metroni si mtu wa kusubirishwa. Fundi akazitema pini kiganjani, akajifuta midomo, akasema haloo kwa sauti ya ofisini ambayo hata yeye hakujua kama anayo.

"Mama, tumeshangazwa na majibu yenu," Metroni alisema. "Kama kazi hamuitaki mngesema tu. Kulikuwa na haja gani ya kutujibu vile?"

"Majibu gani, mama?"

"Nikusomee?" Metroni akasafisha koo. "'Barua hii inarudishwa kwa mtumaji. Mlengwa hayupo katika anwani hii. Tafadhali hakiki anwani kabla ya kutuma tena.' Halafu kuna mhuri."

"Mhuri?"

"Mhuri, mama. Wa duara. Umechorwa kwa kalamu, ukapigwa picha, ukaambatishwa."

Fundi hakuhitaji kusikia zaidi. Duniani kote kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuchora mhuri kwa kalamu na kuuambatisha kwenye barua pepe, na saa hiyo alikuwa sebuleni, miwani puani, tableti mapajani, kazini.

Mtaa mzima ulimwita Posta. Alichambua barua za watu tangu ujana wake mpaka siku aliyoambiwa asante, nenda kapumzike, na kupumzika kukamshinda. Alipoletewa tableti na wanawe walioko mbali, alifungua anwani moja ya barua pepe kwa ajili ya nyumba nzima na kujiteua mwenyewe kuisimamia. Asubuhi alipokea, mchana alichambua, jioni baada ya chakula aligawa. "Barua ya mama!" angeita, na mkewe alitakiwa aje kuipokea, hata kama alikuwa amekaa naye kochi moja. Matangazo aliyatenga. Matapeli aliwajibu kwa karipio refu lenye aya. Alikuwa na furaha na hakumdhuru mtu, basi Fundi akamwacha. Mtu mzima akipata cha kumshughulisha, unamnyang'anya ili iweje?

Sasa alisimama mbele yake, simu ikiwa bado mkononi.

"Mzee, kuna barua ya hospitali ilikuja hapa?"

"Ilikuja," Posta alijibu bila kuinua macho. "Nikairudisha."

"Ukairudisha kwa nini?"

"Haikuwa yetu. Iliandikwa 'Kwa Mkurugenzi.' Humu ndani hakuna mkurugenzi."

Fundi alivuta pumzi. "Vyerehani vile kule chumbani ni vya nani?"

"Vyako."

"Wateja ni wa nani?"

"Wako."

"Sampuli ya gauni la muuguzi iliyopelekwa hospitali, nani aliishona?"

"Si wewe?"

"Basi mkurugenzi ni nani?"

Posta akafikiri. Alifikiri kweli, paji la uso likiwa limekunjamana, na hapo ndipo Fundi alipoumia kuliko alivyoumizwa na barua yenyewe. Mumewe alihitaji kufikiri.

"Lakini wewe," Posta alisema mwishowe, kwa upole wote, "si fundi tu?"

Fundi hakulia. Angelia, mambo yangekuwa rahisi. Alirudi chumbani kwake, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akamweleza Metroni kila kitu bila kuficha, na aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka yote alikuwa mtu wa kubadilisha zipu za watu na kupunguza suruali za marehemu ili wajukuu wazivae. Hii ilikuwa kazi ya sare za hospitali nzima: wauguzi, wafagizi, wapishi. Ikipotea hii, hakuna atakayempa nyingine, na atazeeka akiwa wa zipu.

Upande wa pili ikasikika kama Metroni anacheka ila hataki ijulikane.

"Nitakupa nafasi moja," alisema. "Jumamosi nitapita kwako na afisa ugavi tuione mishono yako yote. Wale wenzako mnaogombea nao kazi hii, wa duka la milango ya vioo, walituonyesha kwenye skrini kubwa, kila kitu kikaonekana. Jipange. Na nitumie anwani yako, mama. Yako mwenyewe. Sitaki kurudishiwa barua tena."

Dada Mkubwa aliitwa siku hiyohiyo. Huyu alikuwa dada yake Posta, mwanamke aliyeuza mafuta ya nywele kwa njia ya simu, na hapa duniani yeye ndiye pekee aliyeweza kumwambia Posta nyamaza, Posta akanyamaza. Alipohadithiwa mambo ya mhuri alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akageuka akiwa amenuna.

"Mdogo wangu, wewe una akili kweli?"

"Dada, utaratibu ni utaratibu."

"Kaa pale. Wifi, lete simu tukufungulie anwani yako."

Wakakaa meza ya chakula, wanawake wawili na simu moja, Posta akiwa amesimama nyuma yao na mikono mgongoni kama msimamizi wa mtihani. Dada Mkubwa alisoma maswali, Fundi akaandika.

"Tarehe ya kuzaliwa."

"Weka yoyote."

"Hawataki yoyote, wanataka yako."

Fundi akaandika, akajipunguzia miaka kidogo. Posta akakohoa. "Hiyo ni taarifa ya uongo."

"Irudishe kwa mtumaji," Dada Mkubwa alimjibu. "Haya, wifi, hapa wanasema uthibitishe kuwa wewe si roboti. Gusa picha zote zenye baiskeli."

Fundi akagusa. Kulikuwa na picha moja iliyoonyesha tairi tu, likichungulia pembeni. Akasita.

"Gusa, hilo ni la baiskeli," alisema Dada Mkubwa.

"Tairi si baiskeli," alisema Posta. "Tairi ni sehemu ya baiskeli."

"Nani kakuuliza?"

Fundi akaliacha tairi. Simu ikamwambia ajaribu tena. Safari ya pili akaligusa, simu ikamwambia ajaribu tena. Safari ya tatu zililetwa taa za barabarani, na ukazuka ubishi kama nguzo nayo ni taa. Fundi akaiweka simu mezani.

"Nimezaa, nimelea, nimeshona mpaka macho yamechoka," alisema. "Leo naambiwa nithibitishe kama mimi ni mtu."

"Usiichukulie moyoni, wifi. Hata mimi niliambiwa hivyohivyo."

Mwishowe simu iliridhika kwamba Fundi ni mtu, ikadai neno la siri. Liwe refu, liwe na herufi kubwa, liwe na namba, liwe na alama. Posta akachangamka, kwani hapo alijiona ana la kufundisha.

"Liandike kwenye karatasi ulibandike nyuma ya simu. Mimi langu liko nyuma ya tableti, na sijalisahau hata siku moja."

Fundi akaizungushia simu mkono, kiganja na kiwiko, kama mwanafunzi anayekataa kuibiwa majibu, akaandika polepole. Posta alinyoosha shingo. Hakuambulia kitu.

"Kwa hiyo barua zako sitaziona tena?"

"Hutaziona."

"Na matangazo nani atayatenga?"

"Nitayatenga mwenyewe."

Posta akatoka nje, akasimama kibarazani akitazama barabara isiyokuwa na kitu cha kutazamwa. Alikuwa amestaafishwa mara ya pili, na safari hii hata hafla hakufanyiwa. Inasikitisha, lakini ukweli usemwe: aliyataka mwenyewe.

Runinga ilikuwa kazi ya Ijumaa. Dada Mkubwa alieleza kwamba kilichoko kwenye simu kinaweza kurushwa kikatokea kwenye runinga, bila waya, bila fundi wa umeme, mradi vyote viwili viko kwenye intaneti moja. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, likatokea jina la runinga, akaligusa. Runinga ikakonyeza mara moja, kisha gauni la muuguzi likasimama sebuleni, refu kuliko mwenye nyumba.

"Jamani!" Fundi alisema.

Akatelezesha kidole, gauni likageuka mgongo. Akatelezesha tena, ikaja aproni ya mpishi. Mishono yote aliyokuwa ameipiga picha kwa wiki kadhaa ilipita pale, kola baada ya kola, na kwa mara ya kwanza Fundi aliiona kazi yake kwa ukubwa unaoistahili. Alijisikia fahari, na hakujaribu kuificha. Usiku huo alipanga viti vya sebuleni upya, akavipangua, akavipanga vilevile vilivyokuwa.

Jumamosi Metroni alifika kwa wakati, mrefu, amenyooka, na viatu visivyotoa sauti. Afisa ugavi alikuwa mwanamume mwembamba aliyekunja leso kila mara bila kuitumia. Walikaribishwa, wakakaa, wakapewa maji ya kunywa. Posta alikuwa amevaa koti, kwa sababu hakuambiwa asivae.

"Tuanze," alisema Fundi.

Dada Mkubwa akalitafuta lile jina la runinga, akaligusa. Simu ikasema imeunganishwa. Runinga haikusema kitu. Ilikaa pale nyeusi, na wote watano wakajiona ndani yake wamekaa kama watu wanaosubiri daktari.

"Inakuja," alisema Dada Mkubwa. "Wifi, endelea kupitisha picha, itashtuka."

Fundi akatelezesha kidole. Hakuna. Akatelezesha tena. Posta akaenda nyuma ya runinga akachomoa waya, akauchomeka, kisha akaizaba runinga kofi la ubavuni. Afisa ugavi akaitazama saa yake, akakunja leso.

Ndipo zilipopanda kelele kutoka upande wa pili wa ukuta. Si za shangwe. Zilikuwa za watu waliodhulumiwa. Muda si muda mlango ukagongwa, na jirani akaingiza kichwa. Huyu alikuwa mwalimu wa udereva, kwa jina la mtaani Breki, na kila Jumamosi nyumba yake ilijaa wanaume wa mpira.

"Samahani wageni," alisema, akihema. "Jirani, kuna muuguzi ameingia kwenye mechi."

"Muuguzi gani?" aliuliza Posta.

"Hatumjui. Hana kichwa. Ilikuwa penalti, mpira umewekwa, mtu anarudi nyuma apige, mara likatokea gauni."

Fundi, kwa kuchanganyikiwa, alitelezesha kidole tena.

"Amegeuka mgongo!" sauti ikapiga kelele ukutani.

Wote wakaitazama simu. Mambo yakajieleza yenyewe. Nyumba hizo mbili zilichangia intaneti moja ili kupunguza gharama, na runinga zao Posta na Breki walizinunua siku moja, duka moja, aina moja, baada ya kumbembeleza muuzaji awapunguzie kwa kuchukua mbili. Kwa hiyo zilikuwa na jina moja. Ijumaa Breki alikuwa barabarani na mwanafunzi, runinga yake imezimwa, simu ikapata moja tu ya kuchagua. Leo zilikuwa mbili, na Dada Mkubwa alikuwa amegusa ya juu.

"Nitairekebisha," alisema Dada Mkubwa, akabonyeza, akabonyeza tena. Simu ikaanza kutafuta. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Afisa ugavi akasimama.

"Nadhani tumeona," alisema kwa adabu ile inayouma kuliko matusi. "Kuna mahali pengine tunasubiriwa."

Fundi alimwona anakitazama cherehani kupitia mlango uliokuwa wazi, kile cha zamani chenye kamba iliyofungwa badala ya mkanda. Alijua anawaza nini. Kwa moyo wake alitamani ardhi ipasuke, lakini ardhi ya nyumba ile ilikuwa saruji. Akachukua simu kutoka kwa wifi yake.

"Skrini ninayo," alisema. "Iko nyumba ya pili. Naomba mnifuate. Mzee, beba viti."

Posta akabeba viti.

Kwa Breki wanaume walikuwa wamejaa mpaka kwenye mikono ya makochi, nyuso zimewavimba. Mmoja alikuwa anampigia binamu yake kuuliza penalti imekuwaje. "Imeingia? Imeingia!" Wakarukaruka, wakakumbatiana, kisha mmoja akauliza nani alikuwa anapiga, na binamu akaulizwa tena, na ikawa ni timu yao iliyofunga. Bahati hiyo ndiyo iliyomwokoa Fundi na kipigo.

"Baba zangu na kaka zangu," alisema, amesimama mbele ya runinga. "Nipeni muda mfupi tu, kisha mechi yenu ninawarudishia."

Akaanza. Mwanzoni sauti ilitetemeka. Alipofika kwenye mfuko ilikuwa imetulia. Alieleza kwa nini mfuko wa muuguzi unakaa juu kidogo, kwa nini mkono wa gauni uishie pale na si chini zaidi, kwa nini wafagizi wawekewe kitambaa maradufu kwenye magoti. Metroni akauliza, akajibiwa. Afisa ugavi akauliza kuhusu kuchuja rangi, akajibiwa. Hata wanaume wa mpira wakaanza kutoa maoni, na mmoja akasema rangi ya wapishi inafanana na jezi ya wapinzani, ibadilishwe.

Posta alibaki mlangoni, kiti kimoja bado mkononi. Ameishi na mwanamke huyu, amemsikia akiuliza chumvi iko wapi na nani ameacha bomba wazi, na leo ndiyo kwanza anamsikia akifanya kazi. Aliona aibu. Hakuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Fundi akatelezesha kidole tena.

Kwenye runinga, ndani ya gauni jeupe la muuguzi, lenye mkanda kiunoni, alikuwa amesimama Posta. Fundi hakuwa na mwanasesere wa kupimia nguo, na kwa kuwa mumewe alikuwa na muda, alimvisha yeye. Posta alikubali kwa sharti moja, kwamba kichwa kisionekane. Picha zote zilikatwa shingoni. Hii moja ilisahaulika, na kichwa kilikuwapo, na kilikuwa kinatabasamu.

"Ni Posta!" mtu akalipuka. "Wallahi ni Posta!"

Kicheko kilichofuata kilimtoa Breki kwenye kiti. Fundi alihisi uso unawaka, kidole kikakimbilia kuipitisha picha.

"Rudi hapo," alisema afisa ugavi. Yeye hakuwa anacheka, alikuwa ameinama mbele. "Hiyo ndiyo picha ya kwanza ninayoona gauni likiwa kwenye mwili mpana. Wauguzi wetu si wote wembamba. Je, haliwabani wakiinua mgonjwa?"

Fundi akafungua mdomo ajibu.

"Naomba hilo nilijibu mimi," sauti ikatoka mlangoni. "Mimi ndiye niliyelivaa."

Posta akaweka kiti chini, akavua koti. Akainua mikono juu, akaizungusha. "Kwapani halibani." Akachuchumaa, akainuka. "Hapa mgongoni halivuti." Akamfuata Breki aliyekuwa bado sakafuni anafuta machozi, akamshika chini ya mabega, akamnyanyua mpaka kochini kama mgonjwa aliyepooza, na Breki, kwa mazoea ya kazi yake, akakanyaga sakafu kwa nguvu. "Na kalamu haikuanguka mfukoni. Nilijaribu mara nyingi, mke wangu alinilazimisha."

Metroni alicheka mpaka akavua miwani. Alipoirudisha, alimtazama Posta vizuri.

"Na wewe ni nani katika kazi hii?"

Wanaume walikuwa wanasubiri kucheka tena. Posta alilishika koti lake kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyewarudishia barua," alisema. "Nilisema mlengwa hayupo. Alikuwepo. Alikuwa chumba cha pili anashona. Kosa ni langu."

Hakuna aliyecheka. Fundi aliangalia simu yake, kwa sababu hakujua aangalie wapi.

Metroni na afisa ugavi waliteta kidogo karibu na dirisha. Wataanza na wauguzi, walisema. Wafagizi na wapishi watafuata wakiridhika na kazi ya kwanza. Ilikuwa si yote, lakini ilitosha kumfanya mtu ashike ukingo wa kochi.

"Barua rasmi nitaituma Jumatatu," alisema afisa ugavi, kalamu mkononi. "Niitume wapi?"

Posta alifungua mdomo, kwa mazoea tu, akaufunga. Fundi akaitaja anwani yake, herufi kwa herufi, kwa sauti iliyosikika na kila mtu sebuleni mle. Mmoja wa wanaume akaiandika pia, hakujua kwa nini.

Jumatatu Posta alikaa kwenye kiti chake tangu asubuhi, tableti mapajani, bila kitu cha kuchambua. Kutoka chumba cha pili aliisikia simu ya mkewe ikilia ule mlio mfupi. Akavumilia. Uvumilivu ukaisha.

"Ni wao?"

"Ni wao."

"Wanasemaje?"

"Nikimaliza mshono huu nitasoma."

Ulikuwa mshono mrefu. Alipoumaliza alikuja sebuleni, akasimama, akaisoma barua yote kwa sauti, kuanzia kwa nani imeandikwa mpaka jina la aliyetia sahihi, akarudi kazini. Posta alisikia kila neno. Alitaka kusema jambo wakati ule, neno likakwama.

"Lile neno lako la siri," aliita badala yake, "ulisema ni lipi vile?"

"Sijasema."

Baadaye akaisogeza tableti karibu, akaandika kwa kidole kimoja, akafuta, akaandika tena. Cherehani kilikuwa kinanguruma. Akatuma.

Simu ikalia. Cherehani kikasimama, kikakaa kimya kwa muda ambao Posta aliuona mrefu mno. Kisha Fundi akatokea mlangoni, simu mkononi, futi ya kupimia shingoni. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa hajali kama yanaonekana.

"Tuko nyumba moja," alisema. "Umeshindwa nini kuniomba msamaha kwa mdomo?"

"Nimejaribu tangu Jumamosi," Posta alisema. "Kwa mdomo nimeshindwa."

Fundi akaitazama tena ile barua kwenye simu.

"Haya," alisema. "Imepokelewa."